Mawe ya Wanaume, Majani ya Wanawake: Maisha na Utawala wa Malkia Arraweelo

Katika nchi ya Wasomali kumetapakaa marundo ya mawe ya kale ambayo waliyoyajenga hawakuacha majina yao. Mengine ni madogo kama zizi la mbuzi, mengine yanaonekana kwa mbali kama kilima. Lipo rundo moja katika milima ya Sanaag, upande wa kaskazini, ambalo wenyeji hulitaja kuwa ndilo kaburi la Malkia Arraweelo. Desturi iliyosimuliwa tangu zamani ni kwamba mwanamume apitapo mahali hapo huokota jiwe akalitupa juu ya rundo. Mwanamke apitapo huchuma tawi bichi akaliweka kwa upole. Yule wa kwanza huongeza uzito ili malkia asije akanyanyuka tena, na yule wa pili hutoa heshima kwa mwanamke mwenzake aliyetawala.

Ndugu msomaji, Garissa iko mbali mno na milima ya Sanaag, na Mandera na Wajir vilevile. Hata hivyo, hadithi ya malkia huyu imesafiri pamoja na mifugo, maji na ndoa, ikavuka mipaka iliyochorwa na wageni, mpaka ikafika kingo za Mto Tana. Mabibi wa Kisomali, ambao wajukuu wao huwaita ayeeyo, wameisimulia usiku ndani ya herio, ile nyumba ya fito na mikeka ambayo mwanamke huijenga kwa mikono yake na kuivunja wakati wa kuhama. Ni hadithi inayojulikana na wakubwa kwa wadogo. Pia ni jina linalotumika kila siku: msichana akiwa na kauli nzito mbele ya ndugu zake wa kiume, au mwanamke akishika usukani wa nyumba kwa mkono usiotetereka, haikosi mtu wa kumwambia kwamba yeye ni Arraweelo. Kwa wengine jina hilo ni sifa ya mzaha. Kwa wengi ni onyo.

Kwa sababu jina hilo bado linatumika kuwanyamazisha mabinti zetu, yafaa tuisikilize hadithi yenyewe kwa utulivu, tuone inasema nini hasa.

Malkia asiye na kitabu

Kwanza tukubaliane juu ya jambo moja. Arraweelo hana sarafu iliyochongwa jina lake, hana barua wala maandishi ya zama zake. Wasimuliaji humweka katika nyakati za kale, kabla ya Uislamu kuingia katika Pembe ya Afrika, na hawaendi mbali zaidi ya hapo. Lugha ya Kisomali ilipata herufi zake rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya mwaka huo, historia, sheria za kimila, nasaba na mashairi vilihifadhiwa vifuani mwa watu, na kila kizazi kilivikabidhi kwa kizazi kingine kwa ulimi. Hadithi ya Arraweelo ni amana ya namna hiyo, na kama ilivyo kwa kila amana ya ulimi, hubadilika kidogo kila inapopita kinywa kipya. Tutakayoyaeleza hapa ni yale ambayo wasimuliaji wengi wanakubaliana juu yake, na pale wanapotofautiana tutasema hivyo.

Namna alivyopata ufalme

Husemwa kwamba Arraweelo alikuwa binti mkubwa katika nyumba ya kifalme iliyojaaliwa mabinti tu. Alikuwa na akili kali na moyo usiojua woga, naye hakuridhika na mpango wa mambo uliompa mwanamume baraza na kumpa mwanamke jiko. Mumewe, wasema wasimuliaji, hakupendezwa na fikra zake na alimtaka atulie nyumbani.

Kisha ikaja shida. Wapo wasemao ilikuwa ukame, na wapo wasemao ilikuwa vita vilivyowashughulisha wanaume huku watu wakikosa maji na chakula. Arraweelo akawakusanya wanawake, akawaongoza kwenda kuteka maji na kuwinda, na watu wake wakaokoka. Yeyote aliyewahi kukaa Garissa wakati mvua zinapokataa misimu miwili mfululizo anaelewa uzito wa sehemu hii ya hadithi. Mtu anayeleta maji wakati wa kiangazi hahitaji kupigiwa debe. Watu humfuata wenyewe, kwa kuwa uhai wao umeshikwa na mikono yake.

Kwa hiyo mwanzo wa utawala wa Arraweelo, hata katika vinywa vya wale wasiompenda, ni mwanzo wa huduma. Alipewa nafasi kwa sababu alifanya kazi iliyohitajika, wakati ambapo wengine walikuwa wanashughulika na mengine. Sehemu hii husimuliwa haraka haraka na wengi, au huachwa kabisa, ili msimuliaji afike kwenye yale ya kutisha. Lakini hadithi haina maana bila mwanzo wake.

Alipokalia kiti cha enzi, Arraweelo aligeuza mpango wa dunia. Wanawake wakawa ndio watawala na waamuzi. Wanaume wakapewa kulea watoto, kupika na kutunza nyumba. Hoja yake, kama inavyosimuliwa, ilikuwa kwamba wanaume ndio chanzo cha vita, na kwamba wakiwekwa mbali na madaraka nchi itatulia. Wasimuliaji wa kike huongeza kwamba kwa muda fulani nchi ilitulia kweli.

Kisu na mzigo

Baadaye utawala ukaharibika. Arraweelo alianza kuwaogopa wale aliowatawala. Akaamuru wanaume wahasiwe, wakubwa na wadogo, ili pasipatikane tena mwanamume wa kushindana naye. Hapa ndipo jina lake lilipopata giza ambalo halijaondoka mpaka leo.

Msomaji wa mjini huweza kuishia kwenye ukatili wa jambo hili. Mfugaji husikia zaidi. Ngamia dume anayebeba mizigo ya familia wakati wa kuhama kwa kawaida huwa amehasiwa, ili awe mtulivu na mtiifu, awekewe fito na mikeka ya herio mgongoni bila kupigana na madume wenzake. Kwa hiyo hadithi inasema kwa lugha ya malisho kwamba malkia aliwafanya wanaume wanyama wa mizigo. Aliwanyima uzao, akawabakishia mgongo. Na mtu yeyote aliyebakishiwa mgongo tu, awe mume au mke, anajua maana yake. Pengine ndiyo sababu wanawake wasikiapo sehemu hii hawacheki sana. Wapo miongoni mwao wanaoyatambua maisha yao wenyewe katika hali ya wale wanaume: kazi nyingi, mzigo mzito, na hakuna wa kuwauliza rai yao.

Mzee aliyefichwa

Katika nchi ile mwanamume mmoja tu alinusurika, mzee aitwaye Oday Biiqay. Neno oday ni mzee, kwa maana ya mtu wa busara na wa baraza. Biiqay alijificha porini, mbali na macho ya malkia, na wanaume wakawa wanamwendea kwa siri kila walipotatizika.

Nao walitatizika mara kwa mara, maana malkia aliwapa mitihani ili aone kama bado kuna akili iliyosalia miongoni mwao. Mtihani mmoja unaosimuliwa sana ni wa ngamia. Arraweelo aliwaamuru wamletee ngamia aliyesheheni matunda ya porini, lakini pasitumike kamba, wala gunia, wala chombo chochote cha kubebea. Wanaume wakarudi mikono vichwani. Biiqay akawaambia: mpelekeni ngamia mahali penye tope zito, mwacheni agaegae mpaka alowe ubavu kwa ubavu, kisha yabandikeni matunda juu ya tope kabla halijakauka. Wakafanya hivyo. Ngamia alipofikishwa mbele ya malkia amefunikwa matunda kutoka shingo hadi mkia, Arraweelo alimtazama kwa muda, akatambua. Akasema kwamba jambo hili halikutoka katika vichwa vya watu hawa, na kwamba yuko mwanamume mzima aliyebaki mahali fulani.

Alimtafuta Biiqay na hakumpata. Ni jambo la kuzingatia kwamba malkia mwenye akili kiasi hicho alijua thamani ya shauri jema, akalitambua lilipopita mbele yake, lakini akalitafuta ili aliue. Hakuwahi kufikiria kumwita mzee yule aketi naye barazani.

Ukelele wa mwisho

Mwisho wake ulitoka nyumbani mwake. Binti yake Arraweelo alijifungua mtoto wa kiume, na amri ya malkia ilikuwa moja kwa wote. Binti, kwa mashauri ya Biiqay, akaanza kuomba muda. Kila siku ya kukatwa ilipofika, alimsihi mama yake amwache mtoto kidogo akue, na bibi, ambaye hakuwa na huruma kwa mtoto wa mtu mwingine yeyote, akamhurumia mjukuu wake. Akaahirisha, akaahirisha tena. Kijana akakua akiwa mzima. Biiqay akamfundisha, akampa mkuki, na yeye ndiye aliyemwua bibi yake.

Wasimuliaji wengine huongeza jambo ambalo si rahisi kulisahau. Wasema kwamba watu walikuwa wamemwogopa malkia kiasi cha kutojua tena kama ni mwanamke kweli. Biiqay akamwambia kijana: ukimpiga, sikiliza atalia vipi. Kwa Wasomali, mwanamume aliyevamiwa huwaita tol, yaani jamaa wa ukoo wa baba, akilia tolla'ay ili waje kumwokoa. Mwanamke hulia ba'ay, kilio cha msiba, kisichomwita mtu yeyote. Mkuki ulipompata, Arraweelo akalia ba'ay. Kijana akajua kwamba ni mwanamke, akammaliza.

Wanaume huisimulia sehemu hii kwa ushindi: mwishowe alikuwa mwanamke tu. Lakini isikilize tena, mama msomaji, kwa sikio lako. Malkia aliyewaamrisha wote, saa ya kufa kwake hakuwa na wa kumwita. Alikuwa ameukata ukoo kwa kisu chake mwenyewe. Hakubakisha kaka, mjomba, wala mwana wa kumjibu. Mtawala asiyeshauriana hufikia hapo, hata awe na walinzi wangapi, na hapo hapaulizwi kama yeye ni mume au mke.

Hadithi ndugu

Wasomali wana hadithi nyingine ambayo haina budi kuwekwa kando ya hii. Ni ya Wiil Waal, aliyekuwa mtawala wa kweli upande wa Jigjiga katika karne ya 19, na ambaye visa vya akili zake vimekuwa vingi kuliko umri wa mtu mmoja. Inasimuliwa kwamba aliwataka wanaume wa nchi yake wamletee sehemu ya kondoo inayoweza kuwagawa watu wakawa maadui, au kuwaunganisha wakawa ndugu. Matajiri wakaleta mapaja na mbavu zilizonona. Fukara mmoja akamweleza binti yake jambo hilo, na binti akamwambia apeleke koo. Baba alitahayari, lakini akapeleka. Mtawala akafurahi sana, kwani hilo ndilo jibu alilolitaka: koo lenye uroho huwagawa watu, na koo likigawana chakula na wenzake huwaunganisha. Akauliza jibu limetoka wapi, na baba akakiri kwamba limetoka kwa binti yake. Binti akaheshimiwa.

Tazama mfanano wa visa hivi viwili. Kwa Arraweelo, akili imefichwa porini kwa sababu ni ya mwanamume. Kwa Wiil Waal, akili imefichwa ndani ya nyumba ya fukara, naye mwenye akili ni mwanamke. Katika visa vyote viwili mtawala anatambua kwamba jibu halikutoka kwa yule aliyelileta. Tofauti iko katika hatua inayofuata. Malkia alimwinda mwenye shauri, mfalme akampa heshima. Kwa hiyo wale wanaoitumia hadithi ya Arraweelo kuthibitisha kwamba mwanamke hafai kusikilizwa, wanapaswa kukumbuka kwamba watu wale wale, kwenye moto ule ule wa jioni, walisimulia pia kisa cha binti aliyestahili kusikilizwa.

Malkia wa jirani

Kutoka Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, ukivuka msitu wa Boni unaingia Lamu, na ng'ambo ya bahari kiko kisiwa cha Pate. Huko jina la malkia halikuachwa kwa hadithi za usiku peke yake. Habari za Pate zimemtaja Mwana Khadija, wa ukoo wa Wanabahani, aliyetawala katika miaka ya 1760 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1770. Zama zake zilikuwa na fitina kubwa ya kugombea kiti, na mji ukagawanyika. Lakini si lazima fitina hiyo iwe ilitokana na ushungi wake. Wafalme wa Pate waliomtangulia na waliomfuata walikuwa na fitina zao, tena nyingi.

Unguja nako alitawala Malkia Fatuma. Majeshi ya Oman yalipoizingira Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1696, yeye aliwapelekea chakula Wareno waliozingirwa. Ngome ilipoanguka mwaka 1698, alichukuliwa hadi Maskati akakaa huko karibu miaka kumi kabla ya kurejeshwa kwake. Twaweza kubishana juu ya upande aliouchagua. Lakini alihukumiwa kwa siasa yake, kama anavyohukumiwa mfalme yeyote aliyechagua rafiki aliyeshindwa.

Na sisi Waislamu tunaye malkia mwingine tunayemsoma tangu chuoni. Sura ya An-Naml inatueleza habari za malkia wa Saba, ambaye wafasiri humwita Bilqis. Ilipomfikia barua ya Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, alifanya nini? Aliwakusanya wakuu wake, akawataka rai, na akawaeleza kwamba hana desturi ya kukata jambo bila wao kuhudhuria. Wao wakajisifu kwa nguvu na ushujaa, kisha wakamwachia uamuzi. Yeye akaona mbele kuliko wao: akakumbuka namna wafalme wanavyouharibu mji wanapouingia kwa nguvu, akachagua kutuma zawadi badala ya majeshi. Mwisho wake ulikuwa wa kheri, akasilimu pamoja na Sulaiman kwa Mola wa viumbe wote.

Tukimweka Arraweelo kando ya malkia wa Saba, tunaona kilichowatenganisha. Wote wawili walikuwa wanawake, wenye akili na wenye enzi. Mmoja alikuwa na baraza, akalisikiliza, kisha akaamua. Mwingine alilibomoa baraza. Neno shura, ambalo misikiti yetu na nyumba zetu hulitaja mara kwa mara, ndilo lililokosekana katika ufalme wa Arraweelo.

Chini ya mti wa wazee

Kwa mila ya Kisomali, mambo makubwa ya ukoo huamuliwa katika shir, mkutano wa wanaume watu wazima chini ya mti. Mwanamke hana kiti hapo. Hata hivyo anacho kitu ambacho mzee wa ukoo hana: yeye ni wa koo mbili. Amezaliwa huku na kuolewa kule. Vita vikizuka kati ya pande hizo, upande mmoja ana kaka, upande wa pili ana wana. Kwa hiyo tangu kale mwanamke ameweza kupita mahali ambapo mwanamume angepigwa mkuki.

Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilionja uchungu wa vita vya koo vilivyochanganyika na ukame. Mapigano yaliingia hata sokoni, kina mama wa ukoo mmoja wakakataa kuuziana maziwa na nyama na wa ukoo mwingine. Kikundi kidogo cha wanawake kikaanzia hapo hapo. Waliketi na wauzaji, wakakubaliana kwamba soko litakuwa la kila mama, wakaweka wasimamizi wa kuangalia kwamba makubaliano yanashikwa. Soko lilipotulia wakawaendea wazee, na neno la kufungua mazungumzo likapewa mzee wa ukoo mdogo usiohusika na ugomvi, ili pasiwepo wa kusema kwamba ameonewa. Mwaka 1993 wazee wakaafikiana juu ya Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyowaunganisha wanawake, wazee, vijana na maofisa wa serikali. Mfano huo baadaye uliigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Mwaka 2007 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood kwa kazi yake ya kupatanisha. Alifariki mwaka 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alifanya kazi ile ile ambayo hadithi inamsifia Arraweelo mwanzoni mwake, kuwaokoa watu wake wakati wa shida kwa kuwakusanya wanawake. Kisha akafanya lile ambalo Arraweelo hakulifanya: akawaleta wazee kwenye mkeka, akaketi nao.

Siasa nayo imebadilika polepole. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka pasiwepo chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa ambacho zaidi ya theluthi mbili ya watu wake ni wa jinsia moja, na kila kaunti kati ya 47 humchagua mwakilishi wake wa wanawake katika Bunge la Taifa. Lakini viti vya maeneo bunge vilibaki vya wanaume Kaskazini Mashariki kwa miaka mingi. Mwaka 2017 wapiga kura wa Ijara, hapo Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge katika eneo hilo zima. Alikuwa amewahi kuwa mbunge wa kuteuliwa kabla ya hapo. Waliompigia kura ni watu waliolelewa na hadithi ya Arraweelo kama wengine wote. Wanaume nao walikuwamo. Hadithi haikuwazuia kumpima mtu kwa kazi yake.

Tuwasimulie vipi mabinti zetu?

Wako wazazi wanaosema hadithi hii iachwe, kwa kuwa inawatisha watoto na kuwatia wanawake aibu. Sisi hatuoni hivyo. Hadithi iliyoishi muda mrefu namna hii haifi kwa kukatazwa. Huendelea kusimuliwa na wale tusiotaka waisimulie, kwa namna tusiyoitaka. Bora mtoto aisikie nyumbani kwa mama na baba yake, yote, bila kuruka mwanzo.

Aambiwe kwamba watu walikuwa na kiu na mwanamke akawaletea maji. Aambiwe kwamba mwanamke huyo alipopata nguvu aliwaogopa watu wake, akawakata, na kwamba lilikuwa kosa kubwa, kama ambavyo lingekuwa kosa kwa mfalme. Aulizwe: kama wewe ungekuwa malkia, na ngamia yule wa matunda akaletwa mbele yako, ungemfanyia nini mzee aliyetoa shauri lile? Mtoto wa kike ajibu, na ndugu yake wa kiume ajibu pia. Majibu yao yatawafundisha wazazi mengi juu ya watoto wao.

Na siku nyingine, binti huyo akisema neno zito barazani kwa jamaa, na mjomba au jirani akamwita Arraweelo kwa kejeli, mama yake anaweza kumwuliza mjomba huyo kwa adabu: je, ni yule aliyeleta maji, au yule aliyekataa shauri? Kisha binti apewe nafasi amalize maneno yake, na walio barazani wayapime.

Huko Sanaag mawe na matawi yanaendelea kurundikana. Mvua ikinyesha, matawi huoza yakawa udongo kati ya mawe. Kwa mwaka mwingine, wanawake wapitao huchuma mabichi.